Mshono wa Kushuka

Mazungumzo ya mmoja wa wamama wa parokia ya Kisenge, yaliyosomwa mbele ya wakristu na wageni siku ya maonyesho ya kazi za mikono, katika sherehe za jubilei



Kamati ya jubilei imeniomba niseme maneno machache juu ya kazi ya mikono ya wamama. Niliogopa, maana mimi si mwalimu wala si mtu wa vitabu vingi. Waliosema mbele yangu wamesimulia habari za mapadri wa kwanza, za matofali ya kanisa, na za makatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Hayo ni mambo makubwa. Mimi nitasema habari ya uzi. Lakini naomba mnivumilie mpaka mwisho, kwa sababu ndani ya uzi huo mna deni ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

I. Blanketi mnaloliona

Wageni walioingia kanisani asubuhi ya leo wengi wameuliza swali moja: blanketi lile la rangi nyingi, lililotandikwa karibu na kisima cha ubatizo, limenunuliwa wapi? Jibu ni kwamba halikununuliwa. Limefumwa hapa hapa Kisenge na wamama kumi na wanne, kwa sindano zenye ndoano, yaani kroshe, na kwa uzi uliofumuliwa katika triko kuukuu. Ile safu nyekundu ilikuwa triko ya mtoto wa shule. Ile ya kijani ilikuwa kofia tatu. Ile nyeusi ilitoka katika shali ya mjane, naye aliitoa mwenyewe matanga yake yalipokwisha.

Wengine wameligusa wakashangaa kwamba si laini kama kitambaa cha dukani. Mgongo wake una matuta, kama shamba la muhogo lililolimwa vizuri. Ukitazama kwa karibu, utaona kila rangi imenyosha vidole vyake chini, ikashika rangi iliyotangulia. Huo ndio mshono ambao sisi wamama wa Kisenge tunauita mshono wa kushuka.

Sisi tuliozaliwa hapa tumekua katika rangi moja. Jiwe la manganezi ni jeusi, na vumbi lake ni jeusi. Linaingia katika nguo za wababa, katika mashuka, na katika nywele za watoto. Tangu reli ya Benguela ilipofungwa mwaka 1975 kwa sababu ya vita ya Angola, mawe yaliyokwisha kuchimbwa yalibaki hapa miaka na miaka katika vilima vyeusi, bila njia ya kwenda bahari. Labda ndiyo sababu wamama wa hapa wanapenda rangi kupita wengine.

II. Kazi hii imetoka wapi

Jina kroshe ni la Kifaransa, na maana yake ni ndoano ndogo. Kazi hii ililetwa kwetu na watawa pamoja na walimu wa kike wa zile nyumba za wanawake zilizoitwa fuwaye sosiale, ambazo serikali ya Wabelgiji na makampani ya mgodi na ya reli walizifungua kila mahali. Kule mama alifundishwa kushona, kufuma, kupika, kufua na kulea mtoto. Wazee wetu wanakumbuka nyumba hizo kwa furaha, lakini kwa uchungu pia: zilimfundisha mama mambo mengi mazuri, ila mara nyingi kana kwamba alikuja pale bila kujua kitu chochote.

Tena kazi hiyo huko Ulaya yenyewe haikuwa kazi ya matajiri peke yao. Katika nchi ya Irlandi, njaa kubwa ilipoanza mwaka 1845 kwa sababu ya ugonjwa wa viazi, watu wengi sana walikufa, na wengine wengi wakaihama nchi. Wakati ule watawa, kati yao Waursulina wa mji wa Cork, waliwafundisha wanawake na wasichana maskini kufuma maua na majani kwa kroshe, kusudi wauze kazi ile na kununua chakula. Kwa hiyo msidhani ya kuwa kroshe ni mchezo wa watu walioshiba. Ilipata kuwa chakula cha watoto.

Sisi nasi hatukuwa mikono mitupu. Walunda, Watshokwe na Wandembo walijua kusuka mikeka na vikapu tangu zamani. Huko Kasai, Wakuba wana kitambaa cha rafia ambacho wanaume hukifuma, kisha wanawake hukitia nakshi kwa sindano, mpaka kinakuwa na manyoya kama mahameli. Leo kinawekwa katika nyumba za makumbusho za dunia nzima. Vidole vya wazee wetu vilijua kuhesabu kabla ya kroshe kufika.

III. Namna nilivyojifunza

Nilijifunza mshono huu mwaka 1978. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Machi 1977, vita iliingia kutoka Angola. Kisenge ilitwaliwa, na watu wengi wa upande huu walikimbilia porini au ng'ambo ya mpaka. Sisi tuliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Mimi nilikuwa mama kijana, na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Ninyi wageni mnaotoka nchi za joto hamjui, lakini katika miezi ya Juni na Julai usiku wa hapa ni baridi kali, na sisi hatukuwa na blanketi.

Jirani yangu alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli. Wazazi wake walitoka Kasai zamani kufuata kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa huku kwetu, na Kasai aliijua kwa masimulizi tu. Aliona mtoto wangu akitetemeka, akaniuliza kama nina triko iliyochanika. Nilikuwa nayo moja. Akaifumua mbele yangu, akazungusha uzi katika kiti, akaufua, akauanika ukiwa umefungiwa jiwe chini kusudi ule mkunjo wa zamani utoke. Mume wangu akachonga kroshe ya mti mgumu, akailainisha kwa kipande cha chupa. Kwa uzi mwembamba wa naperoni tulitumia njiti ya chuma ya gurudumu la kinga, iliyopindwa ncha yake kwa moto.

Sikuwa mwanafunzi mwema. Kitambaa changu cha kwanza kilianza na upana wa mkeka, kikaishia na upana wa mkanda, sababu kila safu niliruka fundo la mwisho bila kujua. Cha pili kilijikunja kama jani kavu, maana nilikaza uzi mno. Tulikuwa na kitabu cha Kifaransa chenye picha, lakini nilipojaribu kukifuata nilipotea katikati ya safu.

Ndipo nikamkumbuka babu yangu, mzaa mama, aliyekuwa Mtshokwe. Jioni alikuwa akisawazisha mchanga kwa kiganja, akatia nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, akizihesabu. Kisha alipitisha kidole kati ya nukta bila kukiinua, huku akisimulia hadithi, mpaka mstari ule mmoja ukazunguka nukta zote na kurudi pale ulipoanza. Michoro hiyo inaitwa sona. Mtaalamu wa hesabu Paulus Gerdes, aliyefundisha huko Msumbiji, aliandika vitabu juu ya hesabu iliyofichwa ndani yake. Sisi watoto tulijua jambo moja tu: babu akikosea kuhesabu nukta, mstari haurudi, na hadithi inakwama.

Nilipokumbuka hayo, nikaelewa. Kroshe nayo ni mstari mmoja usioinuliwa. Kazi ni kuhesabu nukta kwanza. Nikaacha kitabu, nikaanza kuhesabu kwa sauti, na jirani yangu akacheka akisema ya kwamba sasa ninasali rozari.

IV. Namna ya kuufuma

Vijana wameomba niseme wazi namna ya kufanya. Basi sikilizeni.

Fundo la kazi hii ni bridi. Zungusha uzi mara moja juu ya kroshe, ingiza kroshe katika tundu, vuta uzi: utakuwa na vitanzi vitatu. Shika uzi, upitishe katika vitanzi viwili. Shika tena, upitishe katika viwili vilivyobaki. Hiyo ni bridi moja. Mwanzo wa kila safu, fuma mnyororo wa vitanzi vitatu. Huo unahesabiwa kuwa bridi ya kwanza.

Anza kwa kufuma mnyororo. Hesabu vitanzi kwa nne nne, kisha ongeza vitatu: kwa mfano kumi na tisa, ishirini na tatu, au ishirini na saba. Juu yake ongeza viwili vya kupanda, kisha ingiza bridi yako katika kitanzi cha nne kutoka kwenye kroshe.

Safu ya kwanza, rangi ya kwanza: bridi tatu, kisha kitanzi kimoja cha mnyororo ukiruka tundu moja; bridi tatu tena, kitanzi kimoja; hivyo mpaka mwisho, umalize kwa bridi tatu. Safu ya pili, rangi ile ile: bridi juu ya bridi, kitanzi juu ya kitanzi. Sasa una vikundi vya bridi tatu tatu, na kati yake madirisha madogo yaliyopandana.

Safu ya tatu, badili rangi. Hapa ndipo mshono unaposhuka. Bridi moja, kitanzi kimoja ukiruka bridi ya katikati ya kikundi, bridi moja. Ukifika mbele ya dirisha, usifume juu yake. Shusha kroshe mbele ya kazi, uiteremshe safu mbili mpaka katika tundu lile uliloliruka mwanzo, uvute uzi kwa urefu mpaka ulingane na safu unayoifuma, kisha umalize bridi yako. Endelea namna hiyo mpaka mwisho. Safu ya nne, rangi ile ile: bridi juu ya bridi, kitanzi juu ya kitanzi. Safu ya tano, rangi nyingine. Na tazama, madirisha yamehama: sasa mshono utashuka katika bridi zile ulizoziruka safu ya tatu. Baada ya hapo ni kurudia, safu mbili mbili kwa kila rangi.

Mtu akikaza uzi anaposhuka, kitambaa kitakunjamana. Akiulegeza mno, kidole cha mtoto kitanasa. Ni mkono wenyewe unaojifunza kipimo. Hata leo mashini zinafuma triko kwa haraka, lakini kroshe ya kweli bado ni kazi ya mkono wa mtu.

Jambo la mwisho. Katika kroshe kuna kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Ukikosea, unavuta uzi, nayo kazi inafumuka mpaka pale pale ulipokosea. Mimi niliwahi kukosea katika safu ya sita nikanyamaza, nikaendelea siku tatu, nikidhani rangi zitaficha. Jirani yangu alipitisha kidole nyuma ya kitambaa, akaona, akavuta uzi mpaka safu ya sita. Nililia. Akaniambia ya kuwa uzi haukupotea, ila kiburi tu ndicho kilichopotea, na kwamba nishukuru sababu kosa limeonekana mapema.

V. Deni langu

Sasa ninafika penye neno zito.

Miaka ilipita. Mimi na mume wangu tulihamia Kolwezi, naye jirani yangu pia pamoja na jamaa yake. Tukaishi tena mtaa mmoja. Ninyi wazee mnajua yaliyotokea Kolwezi mwezi wa Machi 1993. Watu ambao asili yao ni Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, hata wale waliozaliwa huku, hata wale waliozika wazazi wao huku.

Siku vijana walipofika mlangoni pa jirani yangu, mimi nilikuwa nyuma ya dirisha langu, na kroshe mkononi. Niliwaona. Wengine wao niliwajua kwa majina. Sikutoka, sikupaza sauti. Niliendelea kuhesabu bridi zangu, na mpaka leo naweza kuwaambia nilikuwa nimefika ngapi.

Walikaa penye stesheni majuma mengi wakingoja treni, pamoja na maelfu ya wengine, na kati ya watoto wao wako waliokufa pale. Nilikwenda kumwona mara moja tu, na unga kidogo na samaki wakavu. Alikuwa ameketi juu ya furushi, amemfunika mjukuu wake kwa blanketi la mshono wa kushuka. Hakunilaumu. Aliniuliza kama ninamfundisha mtu yeyote kazi ile. Nikajibu hapana. Akasema basi nifundishe. Nilitaka kumwomba msamaha. Neno lilifika mdomoni likarudi. Nilijiambia ya kwamba nitakuja tena kesho kutwa. Nilipokuja, treni ilikuwa imekwisha kuondoka. Sikusikia tena habari yake.

Padri mmoja aliyesikia ungamo langu alinipa kitubio, lakini akaniambia pia kwamba kuondolewa dhambi hakuondoi kazi ya kutengeneza kilichoharibika. Tuliporudi Kisenge nilianza kufundisha, chini ya mti nyuma ya nyumba yetu, mama mmoja, kisha watatu. Nimefundisha Walunda, Watshokwe, Wandembo, Waluba, na yeyote aliyekuja. Simwulizi mtu asili yake. Ninauliza tu kama ana triko kuukuu.

Blanketi la leo tumelifuma kwa zamu, kila mama safu mbili. Hapo niliona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nikifuma peke yangu: hakuna mama aliyeweza kumaliza safu zake bila kushuka na kushika kazi ya mama aliyemtangulia. Walikuwako wawili kati yetu waliokuwa hawasemezani tangu muda mrefu, sababu ya kiwanja. Zamu zao zilifuatana. Wa pili alikuja kwangu na kuniomba nibadili zamu. Sikubadili. Alifuma akiwa amenuna. Lakini alipofika katikati alikwenda nyumbani kwa mwenzake kumwuliza kwa nini amekaza uzi hivi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza waliposemezana.

VI. Ombi langu

Wasichana wa siku hizi huniambia: Mama, sokoni kuna blanketi za bei ndogo kuliko uzi wenyewe, ya nini kujichosha? Wanasema kweli, wala siwadanganyi kwamba kroshe itawatajirisha. Lakini blanketi la sokoni likichanika linatupwa, na hili likichanika linafumuliwa na kufumwa upya. Na mtu aliyefundishwa hili hawezi kusema hadaiwi. Matendo ya Mitume yanasimulia juu ya Dorkasi wa Yopa: alipokufa, wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro nguo alizowafumia na kuwashonea. Hawakuonyesha mali yake. Walionyesha kazi ya mikono yake, iliyokuwa miilini mwao.

Kwa hiyo ninawaalika wasichana, na wavulana pia wakitaka, kila siku ya Alhamisi baada ya Misa. Njooni na triko iliyochanika. Kroshe tutawapa.

Ombi langu la pili ni kwenu, Mapadri wageni. Kitabu cha Walawi kinatufundisha kwamba mwaka wa jubilei ni mwaka wa kurudi: kila mtu arudi katika urithi wake na kwa jamaa yake. Sisi tunafanya jubilei, lakini wako wenzetu ambao hawakurudi. Ninyi mnasafiri, mnakutana na mapadri wa Mwene-Ditu, wa Mbuji-Mayi, wa Kananga. Mkimwona huko bibi kizee, au binti yake, au mjukuu wake, akifuma mshono unaoshuka safu mbili na kushika rangi ya chini, mwambieni ya kwamba mshono wake uko Kisenge, umetandikwa penye kisima cha ubatizo, na watoto wetu wanapokelewa juu yake. Mwambieni kwamba mimi nilikuwa nyuma ya dirisha, nami ninamwomba msamaha. Na mwambieni kwamba nimefundisha.